Giuseppe Pellizza da Volpedo: mchoraji wa uhalisia na picha yenye majina manne

Katika zoezi moja la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu ukurasa wa Kifaransa unaohusu uchoraji wa Italia mwishoni mwa karne ya 19. Humo ilitajwa picha iitwayo kwa Kiitaliano Il Quarto Stato, na kwa Kifaransa Le Quart État. Zaidi ya nusu ya wanafunzi waliandika «Dola la Nne». Wachache waliandika «Hali ya Nne». Mmoja tu aliandika «Tabaka la Nne», naye alipoulizwa sababu alikiri kwamba amekisia.

Kosa hilo si la kuwacheka. Neno lenyewe lina maana zaidi ya moja, na haliwezi kutafsiriwa na mtu asiyeijua picha. Wala picha haieleweki vema kwa mtu asiyejua namna ilivyotengenezwa, kwa maana mchoraji wake aliihangaikia muda wa miaka kumi na kuibadilisha jina mara tatu. Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha na kazi ya mchoraji huyo, Giuseppe Pellizza, na kuonyesha kwamba historia ya majina ya picha yake ni historia ya fikra zake pia.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya istilahi. Kiswahili hutumia kitenzi «kuchora» kwa anayepiga mistari kwa kalamu na kwa anayepaka rangi kwa brashi, ilhali Kifaransa na Kiitaliano hutenganisha kazi hizo mbili. Tutasema «mchoraji» kama watu wote wasemavyo, na pale tofauti itakapokuwa na uzito tutasema wazi kwamba ni mistari au ni rangi.

Mwana wa wakulima

Pellizza alizaliwa tarehe 28 Julai 1868 katika kijiji cha Volpedo, mkoa wa Alessandria, kaskazini-magharibi mwa Italia, mahali ambapo uwanda wa mto Po unakutana na vilima vya kwanza. Wazazi wake, Pietro na Maddalena, walikuwa wakulima wenye shamba lao na mizabibu yao. Hawakuwa matajiri, lakini hawakuwa vibarua pia; waliweza kumsomesha mtoto. Jambo hilo ni la kukumbukwa, kwani Pellizza aliishi maisha yake yote katikati ya watu ambao hawakuwa na shamba, akiwajua kwa majina, bila kuwa mmoja wao kamili.

Alisomea uchoraji katika chuo cha Brera, Milano. Kisha alikwenda Roma, ambako hakuridhika na mafundisho, na kutoka hapo Firenze, ambako alikuwa mwanafunzi wa Giovanni Fattori, mzee aliyekuwa amekwisha kuipaka rangi vita ya Italia si kwa ushindi wa majenerali bali kwa uchovu wa askari wa kawaida. Baada ya Firenze alikwenda Bergamo, kwa Cesare Tallone, fundi wa kuchora sura za watu. Mwaka wa 1889 aliutembelea mji wa Paris wakati wa Maonyesho ya Dunia. Kijana wa namna hiyo angeweza kubaki mjini, na wenzake wengi walibaki. Yeye alirudi Volpedo, akajijengea karakana kando ya nyumba ya wazazi wake na kuitobolea dari dirisha kubwa la kioo ili mwanga uingie kutoka juu. Mwaka wa 1892 alimwoa Teresa Bidone, msichana wa familia ya wakulima wa kijiji kile kile, na tangu wakati huo akawa anatia sahihi «Pellizza da Volpedo», yaani Pellizza wa Volpedo. Msomaji asidhani ni majivuno ya mtu wa ukoo mkubwa. Ni kinyume chake: wachoraji wa zamani walijulikana kwa vijiji vyao, naye alitaka kazi yake isomwe kuwa kazi ya mahali fulani.

Namna ya kupaka rangi aliyoichagua huitwa divizionizimu. Mchoraji hachanganyi rangi katika kibao chake kabla ya kuzipaka, bali huziweka safi juu ya turubai, vistari na vitone kandokando, nyekundu karibu na kijani, njano karibu na zambarau. Jicho la mtazamaji aliyesimama mbali ndilo linalozichanganya. Wafaransa walikuwa wamelitumia wazo hilo kwa vitone. Waitaliano, akina Segantini, Morbelli, Previati na Pellizza, walipenda zaidi vistari virefu kama nyuzi. Faida yake ni mwanga: rangi zisizochanganywa hubaki na nguvu. Hasara yake ni muda. Kipande kidogo cha turubai huweza kula siku nzima ya kazi.

Mara nyingi huulizwa, basi, kama mtu anayepaka rangi kwa hesabu ya namna hiyo anaweza kuitwa mchoraji wa uhalisia. Wataalamu wengine humweka upande wa divizionizimu, wengine upande wa wanaishara, hasa kwa ajili ya kazi zake za mwisho. Sisi tunamwita wa uhalisia kwa sababu mbinu ni kitu kimoja na mada ni kitu kingine. Rafiki yake Angelo Morbelli aliwachora wanawake walioinama katika mashamba ya mpunga, miguu majini, na kuiita picha hiyo Per ottanta centesimi!, yaani «Kwa senti themanini!», ambao ndio ujira wao wa siku. Pellizza naye, katika Sul fienile ya miaka ya 1893–1894, alimchora kibarua anayekata roho juu ya majani makavu ghalani huku padri akimletea sakramenti ya mwisho. Hayo ndiyo maisha yaliyokuwako nje ya mlango wa karakana yake.

Miaka kumi juu ya picha moja

Italia ilikuwa imeungana kuwa ufalme mmoja mwaka wa 1861, lakini umoja huo haukuwashibisha wakulima. Wengi walikuwa wakihama kwenda Amerika. Sheria mpya ya jinai ya mwaka wa 1889 iliacha kuuhesabu mgomo wa amani kuwa kosa, na mwaka wa 1892 chama cha wasoshalisti kikaundwa mjini Genova. Pellizza alisoma maandishi yao, na kijijini alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi cha kusaidiana.

Ni wakati huo alipopata wazo la picha yake. Mahali ni uwanja mdogo wa Volpedo, mbele ya jumba la ukoo wa Malaspina. Asubuhi moja ya majira ya kuchipua, kundi la wafanyakazi linakuja kudai haki yao, na wajumbe wao wawili wanatangulia kuelekea jumba la bwana. Mchoro huo wa kwanza, wa miaka ya 1891–1892, aliuita Ambasciatori della fame, «Mabalozi wa Njaa». Jina ni zuri na lina uchungu ndani yake, maana balozi kwa kawaida hutumwa na mfalme, na hapa aliyewatuma ni njaa.

Tutazame mahali alipomweka mtazamaji, kwani kwa maoni yetu hapo ndipo fundo lilipo. Katika Ambasciatori tunawaona watu hao kutoka juu kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye dirisha la jumba. Kivuli cha jumba kinalala chini, mbele ya miguu yao. Hatumwoni bwana, kwa sababu sisi watazamaji tunatazama kwa macho yake. Wafanyakazi ni wadogo, na kundi lililo nyuma yao ni kama doa tu.

Pellizza hakuridhika. Mwaka wa 1895 alianza turubai kubwa zaidi, lenye upana wa zaidi ya mita nne, akaliita Fiumana. Neno hilo la Kiitaliano humaanisha mto uliofurika, na pia umati unaosonga kama mto huo. Kwa bahati nzuri Kiswahili nacho husema watu «walifurika», kwa hiyo «Mafuriko» ni tafsiri isiyopoteza mengi. Jicho la mtazamaji sasa limeshushwa, umati umeongezeka hadi kuijaza picha, na mbele ameingia mwanamke aliyebeba mtoto. Lakini mafuriko hayana uso. Watu wa Fiumana wanakuja kama nguvu ya asili, na sura zao nyingi zimezama katika weusi wa rangi. Mwaka wa 1896 aliiacha kabla ya kuimaliza. Leo iko katika jumba la sanaa la Brera, mjini Milano, na anayeiona huko huweza kufahamu kwamba haikuachwa kwa uvivu. Fundi aliona kwamba amesema kitu ambacho hakukikusudia.

Kisha ukaja mwaka wa 1898. Mavuno ya mwaka uliotangulia yalikuwa mabaya, vita kati ya Marekani na Hispania ikazuia nafaka ya ng'ambo, na bei ya mkate ikapanda. Mwezi Mei wananchi wa Milano waliingia barabarani. Jenerali Fiorenzo Bava Beccaris aliwapiga kwa bunduki na mizinga. Serikali ilihesabu raia 80 waliouawa. Wapinzani wake walitaja idadi kubwa zaidi. Mfalme Umberto wa Kwanza alimpa jenerali huyo nishani, na tarehe 29 Julai 1900 yeye mwenyewe aliuawa kwa risasi mjini Monza na Gaetano Bresci, mwanaanakia aliyetoka Marekani kwa kusudi hilo.

Katika mwaka huo wa 1898 Pellizza aliirudia mada yake kwa mara ya tatu, kwa jina la Il cammino dei lavoratori, «Mwendo wa Wafanyakazi». Mtu angetarajia kwamba baada ya mizinga ya Milano picha ingejaa hasira, bendera nyekundu na ngumi zilizoinuliwa. Hakuna hata kimoja. Turubai la mwisho, lenye urefu wa sentimeta 293 na upana wa sentimeta 545, alilolifanyia kazi kuanzia mwaka wa 1899 hadi 1901, halina bendera, halina silaha, halina jembe wala mundu. Watu wanatembea tu, wakituelekea, bila haraka. Katikati ni mwanamume mwenye ndevu na kofia, koti begani, mkono mmoja ameuchomeka kwenye mkanda wa suruali, kama mkulima yeyote anayetoka shambani. Upande mmoja anatembea mwanamume mwingine, amenyamaza. Upande wa pili ni mwanamke, miguu mitupu, mtoto mkononi, amemgeukia kiongozi na kumfungulia kiganja, kana kwamba anamwambia jambo lisilowahusu watazamaji. Nyuma yao mstari wa watu unaenea kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine: wengine wanajadiliana kwa mikono, mmoja amekinga macho dhidi ya jua.

Watu hao walikuwa wakazi wa Volpedo. Aliwaita mmoja mmoja, akawachora kwanza kwa mkaa na chaki katika ukubwa wa turubai lenyewe, na kuwalipa kwa muda waliosimama. Alitumia picha za kamera pia. Mwanamke mwenye mtoto ni Teresa, mke wake.

Msomaji ataona kwamba kila badiliko limewasogeza watu karibu zaidi na mtazamaji. Mwanzo tulikuwa dirishani pa bwana. Sasa tumesimama chini, uwanjani, kimo chetu ni sawa na chao, na hatua chache zaidi zitawafikisha kwetu. Jumba halimo tena katika picha. Uwanja wa Volpedo umekuwa karibu ardhi tupu, na nyuma ni miti na anga lenye giza linaloachwa. Wapo wanaosema kwamba kwa kuondoa jumba Pellizza aliuacha uhalisia na kuingia katika mfano. Tunakubali kwamba hakunakili kilichokuwako, maana siku kama hiyo haikutokea Volpedo. Lakini nyuso, mikono, mikunjo ya nguo na vumbi la miguuni vimechunguzwa kwa watu walio hai, kimoja kimoja. Na anayejua sanaa ya kale ya Italia huona pia kwamba mpangilio wa watu hao katika mstari mmoja umefunzwa na Raffaello na Leonardo. Heshima ya umbo waliyopewa wanafalsafa na mitume imepewa hapa vibarua wa kijiji. Uhalisia wake umo katika kukataa kuwafanya wa kuhurumiwa au wa kuogopwa.

«Stato» ni nini?

Jina la nne lilikuja picha ilipokuwa tayari. Pellizza alikuwa akisoma historia ya Mapinduzi ya Ufaransa iliyoandikwa na msoshalisti Jean Jaurès. Kabla ya mwaka wa 1789 sheria ya Ufaransa iliwagawa watu katika makundi matatu: makasisi, makabaila, na wengine wote, ambao waliitwa tiers état. Mapinduzi yaliliinua kundi hilo la tatu, lakini waliofaidi zaidi walikuwa wenye mali na wasomi wake. Waliobaki nje, watu wa kazi ya mikono, ndio walioitwa wa nne. Picha ilipopelekwa kwenye maonyesho ya Torino mwaka wa 1902 ilikuwa na jina la Il Quarto Stato.

Basi «Dola la Nne» haifai, kwani hapa hakuna serikali. «Hali ya Nne» haifai pia, ingawa stato huweza kuwa hali. Je, «Tabaka la Nne»? Ndiyo tafsiri iliyo karibu kuzoeleka, nasi hatuipingi kwa nguvu. Ila tukumbuke kwamba «tabaka» katika maandishi ya Kiswahili ya siasa limekwisha kushikwa na maana ya classe, yaani kundi linalotambulikana kwa mali na kazi. État ya zamani ilikuwa kitu cha sheria: mtu alizaliwa ndani yake, nayo ilimpa haki au ilimnyima. Kwa maana hiyo «daraja» lingekuwa sahihi zaidi, kama halingetukumbusha daraja la kuvukia mto na madaraja ya treni. Sisi tunaandika «Tabaka la Nne», tukijua kwamba tumepoteza sheria na kubaki na uchumi. Yaelekea Pellizza mwenyewe asingelalamika sana, kwani picha yake imefanya vivyo hivyo: ilianza na bwana na jumba lake, ikaishia kwa watu wa kazi peke yao.

Tunaweza hata kusema kwamba majina manne yanapanda ngazi. «Mabalozi» ni wachache wanaosema kwa niaba ya wengine. «Mafuriko» ni wengi wasiosema. «Mwendo wa Wafanyakazi» ni wengi wanaojulikana kwa kazi yao. «Tabaka la Nne» ni wengi wenye nafasi katika historia. Binafsi, jina la tatu ndilo linaloifaa picha zaidi, kwa kuwa linasema kinachoonekana. La nne linahitaji maelezo, na zoezi la wanafunzi wetu ni ushahidi.

Baada ya Torino

Torino haikumpa tuzo, wala hakupatikana mnunuzi. Magazeti ya wasoshalisti ndiyo yaliyoichapa upya na kuisambaza, kiasi kwamba watu wengi waliijua bila kuwahi kuliona turubai. Pellizza alivunjika moyo. Aligeukia mandhari na mwanga wenyewe: mwaka wa 1904 alimaliza Il sole, jua likichomoza nyuma ya kilima, miale iliyopakwa kistari kwa kistari hadi jicho linaumia. Hiyo serikali iliinunua mwaka wa 1906 kwa ajili ya jumba la taifa la sanaa ya kisasa, Roma. Picha ya jua ilipata nyumba. Picha ya watu ilibaki karakanani.

Mwaka wa 1907 Teresa alifariki baada ya kujifungua mtoto wao wa tatu, na mtoto hakuishi. Tarehe 14 Juni ya mwaka huo Pellizza alijinyonga katika karakana yake. Alikuwa na umri wa miaka 38, akiacha mabinti wawili.

Mwaka wa 1920 picha ilionyeshwa tena Milano, na ndipo michango ya wananchi ikakusanywa, ikanunuliwa kwa lira 50,000 na kuwa mali ya mji. Wakati wa ufashisti iliondolewa machoni mwa watu. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia ilitundikwa katika ukumbi wa baraza la mji wa Milano, ambako madiwani walijadili bajeti chini ya macho ya wakulima hao. Ni nadra picha kupata mahali panapoifaa namna hiyo. Mwaka wa 1976 Bernardo Bertolucci aliifungulia filamu yake Novecento: kamera inaanza na uso mmoja, kisha inarudi nyuma polepole hadi umati wote uonekane. Kutoka mwaka wa 2010 ilikaa katika jumba la makumbusho la karne ya 20, na mwaka wa 2024 ilirudishwa katika jumba la sanaa ya kisasa la mji huo huo.

Karakana ya Volpedo ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 1994, na lile dirisha la dari bado linaingiza mwanga wake. Uwanja ulio mbele ya jumba la Malaspina, ambako mabalozi wa njaa walipaswa kusimama kivulini, sasa unaitwa Piazza Quarto Stato.